Nani Avuta Sigara Humo Nyumbani?

Mtu aliyelala Kolwezi katika mwezi wa sita au wa saba hahitaji kuelezwa baridi ni nini. Mji wetu umejengwa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi upepo hupenya chini ya mlango kama maji. Jua likichwa, kila nyumba hufungwa. Madirisha huzibwa, pengine kwa gunia. Mbabula iliyopikia bukari huingizwa ndani na makala yake mekundu ili watoto waote moto. Baba arudi kazini, aketi karibu, awasha sigara yake. Watoto wamzunguka, maana wamemngojea mchana kutwa. Mdogo kabisa apanda magotini pake. Ni picha nzuri ya jamaa iliyokusanyika, nasi hatutaki kuiharibu. Ila twamwomba msomaji aitazame mara ya pili, na mara hii aangalie moshi unakwenda wapi.

Katika miezi hiyo kila mwalimu huyaona yale yale. Mwanafunzi akosa darasa siku mbili. Akiulizwa ajibu kwamba alimsindikiza mama yake zahanati, kwa kuwa mdogo wao ashikwa kifua. Na watu wazima wakiulizwa sababu, husema neno moja: vumbi. Wala hawasemi uongo. Tangu Mei hata Septemba mvua hainyeshi, na malori ya madini yaelekea Likasi na Lubumbashi usiku na mchana, hata majani ya miembe iliyo kando ya barabara yabadilika rangi. Huko Kasulo, mtaa wa mji huu huu, watu walipogundua mwaka 2014 kwamba kobalti imo chini ya nyumba zao, walichimba katika viwanja vyao, na wengine hata chumbani mwao. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza waliyoyapima: vumbi la nyumba za Kasulo lilikuwa limejaa madini, na mkojo wa wenyeji, hasa wa watoto, ulikuwa na kobalti nyingi kupita ule wa watu wa mtaa jirani usiochimbwa. Basi alalamikaye juu ya vumbi ana haki, na asinyamaze.

Lakini vumbi la barabara lina wenyewe wa kushtakiwa. Moshi wa chumbani hauna mwingine ila sisi. Tena kifua cha mtoto hakichagui. Kikiisha kudhoofishwa na moshi usiku, asubuhi chapokea vumbi kikiwa hakina ulinzi.

Yatupasa kusema wazi kwamba tunayoyaandika hatukuyasoma vitabuni tu. Sisi wenyewe tulikuwa wavutaji. Tulianza ujanani, tukinunua sigara moja moja kwenye kibanda cha pembeni kama wafanyavyo wengi, na baada ya kuoa hatukuacha. Tulijihesabu kuwa watu wa kiasi: tatu kwa siku, nne siku ya mshahara. Mtoto wetu wa tatu alikuwa na umri wa miezi minane, kiangazi, alipoanza kukohoa. Siku ya kwanza tulisema ni mafua. Siku ya pili alikataa uji. Usiku wa siku ya tatu mama yake alituamsha, akatuambia tumsikilize. Alipumua kama mtu aliyekimbia mbio ndefu, naye alikuwa amelala.

Hospitalini mama mmoja muuguzi alimfunua kifua, akatoa saa, akahesabu dakika nzima bila kusema neno. Pumzi 62. Kisha akauliza:

“Nani avuta sigara humo nyumbani?”

Tukajibu, tukidhani tumesema jambo la maana, kwamba mama wa mtoto havuti kabisa.

“Sikuuliza habari za mama, mwalimu. Nimeuliza nani avuta.”

Tulinyamaza. Koti letu lilikuwa limekwisha kumjibu. Akasema kwa upole, bila kutuaibisha mbele ya mama wa mtoto: “Ukitaka kumbeba, baba, livue kwanza hilo koti, uliache nje.”

Mtoto wetu alipona. Katika kitanda cha pili alikuwamo mtoto mwingine, wa umri karibu sawa, naye hakufika asubuhi ya siku ya pili. Baba yake alitoka uani, akasimama karibu nasi muda mrefu, kisha akaomba sigara. Tulimpa. Tena tukawasha ya kwetu pamoja naye, mita kumi tu kutoka dirisha la wodi ya watoto. Hatulitaji jambo hili kwa kujisifia toba. Twalitaja ili msomaji ajue jinsi akili ya mvutaji ilivyo. Tulikuwa tumeambiwa saa chache tu kabla yake.

Sasa tueleze jambo lenyewe. Sigara iwakayo hutoa moshi wa namna mbili. Wa kwanza ni ule auvutao mvutaji, kisha akaurudisha kwa pua na kinywa. Wa pili ni ule upandao kutoka ncha ya sigara, wakati imetulia kati ya vidole. Huu wa pili haukupita katika kichungi, wala katika kifua cha mtu. Na kwa kuwa tumbako iunguayo bila kuvutwa huungua kwa moto hafifu, moshi wake, tukiulinganisha kwa uzito, una sumu nyingi kuliko ule wa kwanza. Nao ndio ujazao chumba kwa sehemu kubwa. Wataalamu wamehesabu katika moshi wa tumbako vitu zaidi ya 7,000, na miongoni mwake kama 70 vyajulikana kuleta saratani. Kwa hiyo mtoto aliye magotini hapati makombo ya sigara ya baba. Apata sehemu kali.

Tena huyo mtoto si mtu mzima mdogo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama mara 15 kwa dakika. Mtoto mchanga huvuta mara 40 na kupita. Kwa uzito wa mwili wake aingiza hewa nyingi kuliko baba yake, na kila kilichomo hewani. Mirija yake ya hewa ni myembamba kama utete: ikivimba kidogo tu, njia yaziba. Ndani ya mirija hiyo mna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo kazi yao ni kufagia. Hufagia makohozi, vumbi na vijidudu kuelekea juu kooni, mtoto apate kuvikohoa au kuvimeza. Moshi huvilevya vinyweleo hivyo. Fagio likisimama, uchafu wabaki, vijidudu vyashuka hata kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, vifuko vyajaa maji na usaha mahali pa hewa. Hicho ndicho kichomi, au homa ya mapafu. Mwaka 2019 kichomi kiliua duniani watoto 740,180 wenye umri chini ya miaka 5, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Kati ya kila watoto 100 wa umri huo waliokufa, 14 walikufa kwa ugonjwa huo mmoja.

Je, twajuaje kwamba moshi wa wazazi wahusika? Habari hii si mpya. Katika miaka ya 1960 wataalamu watatu wa Uingereza, Colley, Holland na Corkhill, waliwafuata watoto 2,205 huko Harrow, upande mmoja wa London, tangu kuzaliwa hata umri wa miaka 5. Mwaka 1974 walitoa hesabu yao. Katika nyumba ambamo baba na mama hawakuvuta, watoto kama 8 katika 100 walipatwa na kichomi au ugonjwa wa mirija ya hewa katika mwaka wao wa kwanza. Alipovuta mzazi mmoja, idadi ilipanda kuwa 11. Walipovuta wote wawili, karibu 18. Baada ya mwaka wa kwanza tofauti haikuonekana tena wazi namna ile, maana yake ni kwamba moshi humpiga mtoto zaidi wakati ambapo hawezi hata kutambaa aondoke. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa katika nchi nyingi, na mwaka 2006 Mganga Mkuu wa serikali ya Marekani alitoa kitabu kinene chenye hukumu iliyo fupi: moshi wa wengine huwaletea watoto magonjwa ya kifua, ya masikio, pumu iliyo kali zaidi, hata vifo vya ghafula vya watoto wachanga usingizini, wala hakuna kiasi chake kisicho na hatari.

Kwetu wanawake wavutao sigara ni wachache sana, na baba wengi hujificha nyuma ya jambo hilo, kama sisi tulivyojificha. Lakini nyumba za Kolwezi si za Harrow. Katika zile za kambi za zamani, vyumba viwili au vitatu, hulala watu saba, wanane: watoto, shangazi, binamu aliyetoka kijijini kutafuta kazi mgodini. Mvutaji hahitaji kuwa mzazi. Binamu akivuta kitandani, ukuta usiofika darini hauzuii kitu.

Kuna na desturi nyingine ambayo tungependa kuiona ikifa. Baba ameketi, mbabula i nje. Amwita mwana wa miaka tisa, ampa sigara, amwambia akaiwashe. Mtoto ainama juu ya makala, aweka sigara midomoni, avuta mara mbili ili ishike moto, akohoa, watu wacheka. Huko ndiko wengi tulikojifunzia.

Msomaji mwenye akili atauliza: Na moshi wa jikoni je? Ameuliza vema. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokayo katika kuni, makala na mafuta, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao watoto wadogo zaidi ya 237,000. Hapa mjini wengi wetu twapikia makala, nayo hutudanganya. Kuni hutoa moshi uumizao macho, basi mtu hukimbia. Makala yaliyokwisha kushika hayatoi moshi mwingi, basi mtu husema ni safi, huyaingiza chumbani, hufunga mlango. Walakini makala hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi, nayo huwaua watu usingizini bila kuwaamsha. Mbabula yenye moto isilale pamoja na watu chumbani. Tafadhali, akina mama: iwashieni nje, pikieni nje au mahali palipo wazi, na watoto wapate blanketi badala ya makala.

Wako wauzao majiko mapya na kusema kwamba jiko moja litamaliza kikohozi. Jiko zuri ni jema. Lapunguza makala na fedha. Lakini tusidanganyane. Katika vijiji 150 vya Malawi watoto 10,750 walifuatiwa katika uchunguzi mkubwa. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kuni yaliyotengenezwa vizuri zaidi. Hesabu ilipotolewa mwaka 2016, kichomi hakikupungua katika nyumba zilizopata majiko hayo. Mwaka 2024 yakaja matokeo ya uchunguzi wa jiko la gesi uliofanywa Guatemala, India, Peru na jirani zetu wa Rwanda. Huko nako kichomi kikali cha watoto wachanga hakikupungua. Tulipoyasoma haya tulikata tamaa kidogo. Kisha tukafikiri hivi: mtoto hapumui hewa ya jiko peke yake. Kuna taka zichomwazo uani, kuna moto wa jirani, kuna taa ya mafuta, kuna sigara ya baba. Jiko huzima moto mmoja katika mingi. Na katika mioto hiyo yote, sigara ndiyo isiyopika chakula wala kumwotesha mtu. Kuiondoa hakuhitaji fedha, kwaokoa fedha.

Tuseme kidogo juu ya mtoto aliyekwisha kuugua, maana wazazi wengi huchelewa kama sisi. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, bora amelala, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Saa ya simu yatosha. Asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hata kabla ya mwaka mmoja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hata miaka 5, 40 au zaidi. Angalia tena chini ya mbavu: kama sehemu hiyo yabonyea ndani kila avutapo pumzi, usingoje asubuhi. Kadhalika akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akiwa mzito wa kuamka. Dawa ipo, nayo si ghali sana: amoksisilini, kwa kipimo cha mganga, na kumalizwa siku zote zilizoandikwa. Vidonge vinne vya kununua sokoni bila mganga si matibabu.

Twajua ugumu uliopo. Wazee wa mji wakumbuka hospitali za kampuni, wakati wa Union Minière na wakati wa Gécamines, ambapo mtoto wa mfanyakazi alipimwa na kutibiwa bila baba kutoa kitu. Kampuni ilipoporomoka katika miaka ya 1990, mpango ule uliporomoka pamoja nayo, na leo mtu ajiuliza kwanza kama fedha zipo. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutokosa chanjo. Ile ya kuzuia kijidudu kikubwa cha kichomi ilianza kutolewa katika Kongo yetu mwaka 2011, mtoto aipata kwa sindano akiwa na wiki 6, 10 na 14, pamoja na chanjo nyingine.

Turudi kwa mvutaji. Sisi hatukuacha siku ile ya hospitali. Kwanza tulivuta mlangoni, mguu mmoja nje, na upepo wa kiangazi ukaurudisha moshi wote ndani. Kisha tukavuta chumbani na dirisha wazi, jambo lisilofaa kitu, kwani moshi hubaki hewani muda mrefu baada ya sigara kuzimika, nao huingia katika mapazia, blanketi na nguo. Mwisho tulivuta mbali, chini ya mparachichi ulio nyuma ya nyumba, na kubadili koti kabla ya kumshika mtoto. Ilikuwa taabu tupu usiku wa Julai. Pengine ni taabu hiyo iliyotuachisha, baada ya mwaka na nusu hivi, wala si uhodari wetu.

Lakini kujizuia mwenyewe ndilo jambo jepesi. Gumu ni kumzuia mkubwa wako. Mke wa Kolwezi atamwambiaje kaka wa mumewe azime sigara? Na mume je, atasema nini mama mkwe wake afikapo kutoka kijijini na kiko chake, yeye ambaye kwa desturi hata kumtazama usoni haifai? Vitabu vya afya vilivyoandikwa Ulaya havina sura juu ya mama mkwe. Tumewaona wazazi wakichagua kunyamaza, na mtoto akakohoa mwezi mzima kwa ajili ya heshima.

Sisi tulijaribu njia hii, nasi twaitoa jinsi ilivyo. Tulichukua kiti kizuri kupita vyote tulivyo navyo, chenye mikono na mto, tukakiweka chini ya ule mparachichi, na kando yake meza ndogo na kisahani cha majivu. Mgeni mvutaji akifika, hatumwambii asivute. Twamwambia kwamba kiti chake kiko tayari, twampelekea maji na kahawa huko huko, twaketi naye. Hakuna aliyeona amefukuzwa. Mzee mmoja hata alikasirika alipomkuta mwingine amekikalia. Kwa mama mkwe haikuwa kazi yetu kusema: mke wetu alizungumza na mama yake, wakiwa wawili tu, naye mama akauliza kwa nini hakuambiwa mapema.

Kiangazi kilichopita kaka yetu mkubwa alikuja kutoka Likasi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akawasha, akanyosha miguu, kisha akaita aletewe yule mtoto apate kumsalimu. Mke wetu alitokea mlangoni na mtoto mkononi. “Maliza kwanza, baba mkubwa,” alisema, “nami nitakuletea.” Kaka aliitazama sigara yake, ikiwa imebaki zaidi ya nusu, akaikandamiza katika kisahani, akanawa mikono kwa maji ya kunywa tuliyompelekea.